Dhana Potofu Kuhusu Zana za Kujifunzia Uandishi wa Programu

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba zana za kuandika programu kwa kupanga vipande vya maagizo kwenye skrini, kama Scratch, ni michezo ya watoto, na mtu mzima anayezitumia anapoteza muda wake. Ukweli ni kwamba Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika taasisi ya MIT, Marekani, ina masharti, vitanzi (maagizo yanayorudiwa), vigeu (majina yanayohifadhi thamani) na orodha, yaani mambo yale yale yanayobeba programu yoyote. Kinachoondolewa ni adha ya mabano na alama zilizosahaulika. Chuo Kikuu cha Harvard huwaanzishia Scratch wanafunzi wa CS50, kozi yake ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, kabla ya kuwaingiza kwenye lugha ya programu ya C, na hao si watoto.

Wengine huamini kwamba zana bora ni ile inayomwandikia mwanafunzi msimbo, yaani maagizo ya programu. Naiona dhana hii kuwa ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu humwachia mtu programu inayofanya kazi lakini asiyoweza kuieleza. Zana inayofundisha kweli humwonyesha kompyuta inafanya nini. Tuchukue Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza lugha ya programu ya Python. Mwanafunzi anataka kujumlisha namba 1 hadi 5, anaandika kitanzi chenye range(1, 5), agizo linalotoa namba moja baada ya nyingine, kisha anashangaa kupata 10 badala ya 15. Akiiendesha programu hatua kwa hatua, huku dirisha la vigeu likiwa wazi, ataona namba ikipanda 1, 2, 3, 4, halafu kitanzi kikakoma. Hapo atatambua mwenyewe kwamba mpaka wa mwisho hauhesabiwi, na kwamba alipaswa kuandika range(1, 6). Hakuna ujumbe wa hitilafu ambao ungemwambia hilo, kwa kuwa kompyuta ilitii sawasawa ilichoagizwa.

Si kweli pia kwamba bila intaneti ya kudumu hakuna kujifunza. Zana zote mbili ni za bure, na zikishasakinishwa hufanya kazi nje ya mtandao. Thonny huja na Python ndani yake, hivyo flashi moja yaweza kulihudumia darasa zima.

Na wanaokihofia Kiingereza wajue kwamba Scratch inapatikana kwa Kiswahili. Maneno maalumu ya Python hubaki ya Kiingereza, lakini hayafiki 40, na vigeu mwanafunzi huvipa majina apendayo: jumla, bei, umri.