Kocha kupigwa kalamu katikati ya msimu: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Kocha wa Ligi Kuu ya Uingereza akipigwa kalamu Jumatatu, kufikia Jumanne Nairobi nzima imeshakubaliana kwamba timu yake itashinda Jumamosi. Kwenye stendi za boda, kinyozini, ndani ya matatu za Rongai, watu wanajenga mkeka (orodha ya mechi wanazobeti) juu ya habari hiyo moja. Sina ugomvi na anayebeti. Ila mengi tunayoambiana kuhusu makocha kufutwa hayana kichwa wala miguu.

"Kocha mpya, ushindi lazima"

Hii ndiyo inayokula pesa za watu, na inaaminika kwa sababu mara kwa mara huonekana kutimia. Leicester walimtimua Claudio Ranieri Februari 2017, hata mwaka haujaisha tangu awape ubingwa. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akashinda mechi zake tano za kwanza za ligi, akianza na Liverpool 3-1. Nani angebisha? Lakini Shakespeare huyo huyo alifutwa Oktoba mwaka huo, miezi minne tu baada ya kupewa kazi rasmi.

Tazama kocha hufutwa lini. Hafutwi mambo yakiwa ya kawaida. Hufutwa timu ikiwa imefika chini kabisa: imepoteza nne mfululizo, mbili kati yake ugenini kwa vigogo, straika ana jeraha la paja, penalti imegonga mwamba. Mkosi wa aina hiyo haudumu msimu mzima. Ratiba hulegea, majeruhi hurudi, na mpira unaogonga mwamba huanza kuingia. Kocha mpya huyakuta hayo yakiwa njiani, akapewa sifa zake zote. Mwanauchumi Mholanzi, Bas ter Weel, alichambua ligi ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004, akazilinganisha klabu zilizofuta makocha na zile zilizoporomoka vivyo hivyo lakini zikawavumilia makocha wao. Zilizovumilia nazo ziliinuka, bila kumfuta mtu.

Kama utafiti wa Wazungu haukushawishi, angalia mkia wa jedwali la msimu wa 2024-25. Leicester walimfuta Steve Cooper, wakamleta Ruud van Nistelrooy, akashinda ya kwanza 3-1 dhidi ya West Ham. Southampton walimfuta Russell Martin. Ipswich walibaki na Kieran McKenna wao mwanzo hadi mwisho. Zote tatu zilishushwa daraja. Aliyeibeti Leicester wiki ile ya kwanza alikula. Aliyeendelea kuiamini anajua yaliyompata. Na kumbuka kampuni za kubeti husoma habari hizo hizo unazosoma wewe. Odi, yaani kiwango wanacholipa ukishinda, huwa zimeshapunguzwa kabla hujatoa simu mfukoni.

Shabiki wa Chelsea hapa atanikatiza, na ana haki. Roberto Di Matteo alishika timu Machi 2012 na Mei akabeba Klabu Bingwa Ulaya. Thomas Tuchel aliingia Januari 2021, akalibeba kombe hilo hilo mwezi Mei. Sawa. Lakini Tuchel alikuwa ameifikisha PSG ya Ufaransa fainali ya mashindano hayo mwaka uliotangulia, na kikosi alichopewa kilikuwa kimenunuliwa kwa hela nzito. Naona swali ni nani ameingia na amekuta nini mezani. Huko kufuta peke yake si dawa.

"Anayeletwa katikati ya msimu ni wa kuziba pengo tu"

Si wote. Wengine huachwa wajenge timu taratibu. Alex Ferguson alitua Manchester United Novemba 1986, timu ikiwa karibu na mkia. Kombe lake la kwanza na United alilipata 1990. Mikel Arteta alichukua Arsenal Desemba 2019, na misimu yake miwili ya kwanza alimaliza wa nane. Hapa kwetu, Kenya Police walitwaa ligi kuu ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, kwa mara ya kwanza 2025 wakiwa na Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyekabidhiwa timu msimu ukiwa tayari unaendelea.

"Akifutwa, anaenda nyumbani na mkataba wote"

Inategemea karatasi aliyotia sahihi. Wengine hukubaliana kiasi cha kuvunjia mkataba. Wengine huendelea kulipwa mpaka wapate kazi kwingine, na kwa kanuni za FIFA kuhusu makocha, mshahara wa kazi mpya unaweza kukatwa kwenye fidia. Hata hivyo ni pesa nyingi. United walimwongezea Erik ten Hag mkataba Julai 2024, wakamfuta Oktoba, na hesabu za klabu zikaonyesha pauni milioni 10.4 kwa ajili yake na wasaidizi wake. Mtu anaongezwa mkataba, kabla ya Krismasi analipwa ili aondoke! Huo ni uamuzi wa ofisini, si wa uwanjani.

Na tusicheke sana. FKF ilimfuta Adel Amrouche, kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars, 2014, kesi ikafika FIFA, na deni likapita shilingi milioni 100. Kufikia 2020 Kenya ilikuwa ikitishiwa kuondolewa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2022 kwa sababu ya deni hilo.

"Hawezi kufunza timu nyingine ya ligi hiyo msimu huo huo"

Watu huchanganya na kanuni za usajili wa wachezaji. Uingereza inawezekana: Septemba 2025 Nuno Espírito Santo alifutwa na Nottingham Forest, na mwezi huo huo akawa kocha wa West Ham.

"Klabu ikishamtaka kocha, hakuna wa kuizuia"

Kukosa cheti cha ukocha kunaweza kumzuia. Mashabiki wa Gor Mahia, au K'Ogalo, hawahitaji kuelezwa. Klabu yao ilimleta Mbrazili Roberto Oliveira Goncalves mwaka 2020, na mechi za Klabu Bingwa Afrika zilipofika, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikasema vyeti vyake havitoshi kukaa benchi. Timu ikacheza Afrika kocha wake mkuu akiwa pembeni, na msimu haukwisha kabla hajaondoka.