Kuni, Baruti na Kiseyeye: Mzingiro wa Monasteri ya Utatu, 1608–1610

Mgeni akizuru Monasteri ya Utatu na Mtakatifu Sergius, kilomita 70 hivi kaskazini-mashariki mwa Moscow, hudhani ukuta ule mrefu ndio uliowaokoa watawa. Lakini ukuta huo uliinuliwa baadaye. Wa mwaka 1608 ulikuwa na kimo cha mita 6 tu.

Septemba 23 kwa kalenda ya kale ya Warusi (ongeza siku 10 upate tarehe ya kalenda ya sasa), Jan Sapieha na Aleksander Lisowski, makamanda kutoka Poland na Lithuania, walipiga kambi nje yake wakimpigania mtu aliyejiita mwanamfalme Dmitry na kudai kiti cha ufalme wa Urusi. Mizinga yao, 60 na ushei, ilikuwa midogo mno kubomoa ngome. Wakaanza kuchimba handaki, njia ya chini kwa chini.

Handaki la vita hulenga mnara wa pembeni: ukianguka, kuta mbili hubaki wazi kwa mpigo mmoja. Baruti hurundikwa mwishoni na njia huzibwa kwa udongo, la sivyo mlipuko hurudi ulikotoka. Walinzi walipashwa habari na mateka kwamba handaki lipo, ila si lilipo. Wakachimba mashimo ya kusikilizia chini ya minara. Novemba 9 walitoka, wakalikuta likielekea Mnara wa Pyatnitskaya. Wakulima wawili, Shilov na Slota, walililipua wakafia humo humo.

Mwezi huo huo kiseyeye kikaingia. Ghalani nafaka ilikuwepo, lakini nafaka kavu haina vitamini C, na akiba ya mwilini huisha ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Fizi huvimba, meno hulegea, miguu hufura, na kidonda kilichopona zamani hufumuka. Tuongeze msongamano wa wakimbizi na baridi ya Urusi: kila mzigo wa kuni ulipiganiwa msituni, na mara nyingi waliorudi walikuwa wachache kuliko waliotoka. Ugonjwa uliua wengi kuliko mizinga.

Mei 1609 adui alipanda ngazi usiku. Wanawake walimwagia washambuliaji maji ya moto, lami na chokaa. Julai vikosi vya Sapieha vilipotezana gizani, vikasikia Kirusi cha washirika wao vikadhani ni walinzi, vikapigana vyenyewe kwa vyenyewe.

Oktoba wakaja askari 900 wa David Zherebtsov, waliotumwa na Mikhail Skopin-Shuisky, kamanda wa jeshi la mfalme wa Urusi. Januari 12, 1610, jeshi la Skopin likiwa linakaribia, Sapieha alivunja kambi akaelekea Dmitrov.