IPv6 imeenea kweli? Namna ya kujua

Julai 2017, IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika viwango vya intaneti, iliipandisha IPv6, mfumo mpya wa anwani zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, hadi daraja lake la juu kabisa. Itifaki hiyo, yaani kanuni za mawasiliano, iliandikwa mara ya kwanza Desemba 1995, na toleo lililopandishwa daraja lilirekebisha lile la Desemba 1998. Tangu toleo hilo la 1998 karibu miaka 19 ilipita, na daraja hilo lina sharti: programu zisizopungua mbili, zilizotengenezwa na watu tofauti, ziwe zinaelewana, na zitumike kwa wingi bila matatizo.

Hilo la "kwa wingi" ndilo tunaloulizwa sana hapa Nairobi. Mtu ananunua ruta, kasha limeandikwa IPv6, anaamini ameshahama. Bado. Njia ya baiskeli ikichorwa kando ya barabara, baiskeli hazijapita. Ili mawasiliano yapite kwa IPv6, sharti simu, ruta, kampuni ya intaneti na tovuti unayoifungua zote ziwe zimeiwasha. Kimoja kikikosa, kwa kawaida unarudishwa IPv4, mfumo wa zamani, kimyakimya, wala huhisi lolote. Ndiyo maana tunahesabu safari zilizofanyika, hata kama vifaa vyenye uwezo vimejaa madukani.

Google hutangaza asilimia ya watumiaji wanaoifikia kwa IPv6. Hupanda wikendi, watu wakiwa nyumbani na simu zao, na kushuka siku za kazi: maofisini ndiko kunakochelewa. Wastani wa nchi nao usikudanganye. India ilipaa baada ya Reliance Jio kuanza huduma mwaka 2016 ikiwa na IPv6 tayari. Kampuni moja ya simu ilibadilisha takwimu za taifa zima. Kwa hiyo nambari moja ya Kenya haitakueleza hali ya ploti yako kule Umoja au Kasarani.

Haraka ipo. IPv4 ina anwani kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Tangu hapo wateja wengi hugawana anwani moja.

Jipime mwenyewe. Fungua mipangilio ya simu, tafuta anwani ya IP. Yenye nukta pacha, ikianza na 2, ni IPv6 ya kutokea nje. Inayoanza na fe80 usiihesabu, hiyo haivuki mtandao wako wa ndani. Angalia ukiwa kwenye bando, kisha WiFi ya nyumbani, kisha ya ofisini. Pasipokuwa nayo, mpigie anayekuuzia intaneti umuulize ataiwasha lini.