Kwa nini aliyelewa huongea vizuri usiku, asubuhi hakumbuki kitu?

Amecheza muziki, amelipa bili, amegombana na mlinzi, na bodaboda amemwelekeza mwenyewe mpaka mlangoni. Kesho yake akisimuliwa anaapa kwamba anasingiziwa. Wenzake hucheka: jana ulizima! Wala hadanganyi. Tena hata hakusahau, maana hapakuwa na kilichohifadhiwa.

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Ni kama karani: huyachukua mambo yanayotokea sasa na kuyaandika yawe kumbukumbu ya kudumu. Pombe ikizidi, karani huweka kalamu chini, ilhali ulimi unaongea, miguu inatembea, na la dakika moja iliyopita bado liko kichwani. Ndiyo maana anayemtazama hashtuki. Umkumbushe vipi, usiku ule haurudi. Atabaki na simulizi zenu tu.

Kinachozima si wingi peke yake, ni kasi. Ini huiondoa pombe taratibu, takriban bia ndogo moja kwa saa. Anayekunywa kali kwa mikupuo, tumbo tupu, analiacha mbali. Aghalabu watu huzima pale pombe katika damu inapokaribia asilimia 0.16, maradufu ya 0.08 ambayo nchi nyingi zimemwekea dereva kuwa mwisho. Msichana hufika huko mapema zaidi kwa kiasi kilekile, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kuizimua.

Hapo ndipo viroba vilipoleta balaa Tanzania: pombe kali kwenye pakiti ya plastiki, bei anayoimudu hata mwanafunzi, unamaliza kwa funda chache. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Tabia ya kunywa kwa mikupuo, bila shaka, haikusoma tangazo.

Kwa vijana kuna jambo la ziada. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Katika majaribio ya maabara, panya wa rika la balehe waliopewa pombe walisinzia kidogo kuliko panya wakubwa, lakini kujifunza kwao kulivurugika zaidi. Ndiyo maana siiamini sifa ya "fulani ana kichwa, halewi". Mtu mzima akizidiwa husinzia, na aliyesinzia haagizi nyingine. Kijana hubaki macho, akaagiza.

Dalili moja ya aliyezima ni kuuliza swali lilelile mara ya tatu kama jipya. Ukiliona hilo, usibishane naye. Chukua funguo za pikipiki.