Si Beatles walioanza

Kaa na wapenzi wa muziki wa zamani, hukosi kusikia kwamba albamu ya mada moja ni uvumbuzi wa The Beatles, mwaka 1967, walipotoa Sgt. Pepper's. Si kweli. Miaka 12 kabla yao, mwimbaji Mmarekani Frank Sinatra alikwishatoa In the Wee Small Hours: nyimbo 16 za jazi zinazozunguka jambo moja tu, mtu aliyeachwa na mpenzi, usiku wa manane, usingizi umegoma.

Litazame jalada lake. Sinatra yuko peke yake mtaani usiku, kofia kichwani, sigara mkononi, taa ya barabarani nyuma yake. Hujaweka sindano kwenye santuri, umeshajua unaingia kwenye matanga ya mapenzi. Nelson Riddle, aliyepanga ala, naye hana haraka hata kidogo.

Kinachowapotosha watu ni kudhani kwamba mada moja lazima iwe hadithi, au nyimbo zote ziwe mpya. Nyingi humu zilikuwa kuukuu. Mood Indigo ya Duke Ellington ni ya 1930. Ufundi ulikuwa kuchagua na kupanga. Na LP, santuri inayobeba nyimbo kadhaa kila upande, iliyoingia sokoni 1948, ndiyo iliyorahisisha mambo: santuri za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande, kisha unainuka kugeuza, majonzi yanakatika.

Tena hata Sinatra ana waliomtangulia. Nje ya jazi, Woody Guthrie, mwimbaji wa nyimbo za kiasili, alishaimba ukame na vumbi la Marekani katika Dust Bowl Ballads, mwaka 1940.