Kipato cha Mnunuzi wa Nje na Ajira za Wataalamu Viwandani

Takwimu za mauzo ya nje zinapotangazwa, macho ya wengi huenda kwenye tani na dola, na mjadala huishia kwenye kama kiasi kimepanda au kimeshuka. Kwa kijana anayehitimu sayansi ya chakula au ufundi wa mitambo, swali lenye uzito zaidi ni bidhaa hizo zinakwenda kwa nani. Kiwanda kinachouza katika nchi ambayo wananchi wake wana kipato kikubwa huhitaji watu tofauti na kile kinachouza kwa jirani mwenye kipato kama chetu, hata kama vyote viwili vinatumia malighafi ileile na vimepakana ukuta.

Ushahidi ulio bayana zaidi unatoka Argentina. Katika miaka ya 1990 peso ya nchi hiyo ilifungwa kisheria kwenye dola ya Marekani, peso moja kwa dola moja, huku Brazil, mshirika wake katika Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya Amerika Kusini, ikiwa ndiyo mteja wake mkuu. Januari 1999 Brazil iliiachia sarafu yake ishuke thamani. Kwa mnunuzi wa São Paulo, bidhaa za Argentina zilipanda bei ghafla, na viwanda vilivyoitegemea Brazil vikalazimika ama kupunguza mauzo ama kutafuta wateja kwingine, wakiwemo wa nchi tajiri. Mshtuko huo haukupangwa na kiwanda chochote, na hapo ndipo faida yake kwa mtafiti ilipo, kwa sababu katika hali ya kawaida ni vigumu kujua kama soko tajiri ndilo lililokifanya kiwanda kiajiri wataalamu, au ni wataalamu waliokuwapo tangu awali ndio waliokifikisha kiwanda kwenye soko hilo.

Wachumi Irene Brambilla, Daniel Lederman na Guido Porto walifuatilia viwanda hivyo kati ya 1998 na 2000 na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Viwanda vilivyouza katika nchi zenye kipato kikubwa viliajiri sehemu kubwa zaidi ya wafanyakazi wenye ujuzi na kulipa wastani mkubwa wa mishahara kuliko viwanda vilivyouza katika nchi nyingine au ndani tu. Kuuza nje peke yake, bila kujali wapi, hakukubainika kuwa na athari hiyo. Jambo hili la pili ndilo linalosahaulika sana, maana mipango mingi huandikwa kana kwamba bidhaa ikishavuka mpaka wowote, ajira nzuri itafuata.

Sababu ni mbili na huenda pamoja. Mteja mwenye fedha yuko tayari kulipia ubora, na ubora huo hutengenezwa na watu wanaojua kubuni, kupima na kurekebisha. Kisha ipo kazi inayoizunguka bidhaa yenyewe, yaani usafirishaji, usambazaji, matangazo, mikataba na nyaraka, ambayo nayo hufanywa zaidi na watu waliosoma, na ambayo huongezeka kadiri soko linavyokuwa mbali kwa lugha na desturi.

Kwetu hali hii huonekana vizuri Mwanza, kwenye sangara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutokana na taarifa za uvuvi wa sumu, na soko halikufunguliwa mpaka mifumo ya ukaguzi ilipoimarishwa. Katika kiwanda cha minofu leo, samaki anapopokelewa hupimwa joto la nyama yake na kipimo huandikwa palepale. Sampuli hupelekwa maabara kutafuta vimelea. Kila katoni hubeba alama inayowezesha mzigo kufuatiliwa hadi siku uliposindikwa. Wengi wa wafanyakazi bado ni wale wanaosimama mezani na visu, lakini juu yao wamo wataalamu wa udhibiti ubora, mafundi wa majokofu na watunza kumbukumbu, kwa sababu mbele ya mkaguzi wa Ulaya kipimo kisichoandikwa ni kipimo ambacho hakikufanyika.

Sangara huyohuyo akitiwa chumvi na kuanikwa huwa kayabo, na safari yake mara nyingi ni ya Kongo. Mnunuzi wa huko hukagua kwa jicho, pua na vidole, na haulizi cheti cha maabara. Sisemi kwamba kukausha samaki hakuhitaji ustadi. Anayeharibikiwa na mzigo msimu wa mvua anajua thamani ya ustadi huo. Ila hausomewi chuoni wala hautangazwi kama nafasi ya kazi, na takwimu zinazopima ujuzi kwa miaka ya shule haziuoni kabisa. Mtu anaweza kupinga kwamba kilichobadilisha viwanda vya minofu ni kanuni, wala si kipato. Kwa maoni yangu, viwili hivyo ni vigumu kutenganishwa, kwa kuwa kanuni kali za chakula hutungwa na kusimamiwa pale ambapo walaji wana uwezo wa kulipia gharama zake.

Manufaa haya hayagawanyiki sawa. Peso ya Mexico iliposhuka mwishoni mwa 1994, viwanda vilivyokuwa na tija kubwa ndivyo vilivyoongeza mauzo ya nje kuliko vingine. Mchumi Eric Verhoogen, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008, alionyesha kwamba viwanda hivyo vilipandisha mishahara kwa kulinganisha na vile dhaifu, tena zaidi kwa wafanyakazi wa ofisini na wataalamu kuliko kwa vibarua, na pengo la kipato likapanuka. Kwa hiyo nchi inayosukuma bidhaa zake kwenye masoko tajiri bila kupanua mafunzo itawapandishia mishahara wachache waliokwisha kusoma, huku viwanda vikigombania mafundi walewale. Ndiyo maana ripoti ya mauzo ya nje ingefaa iandike, kando ya tani na dola, nchi mzigo ulikokwenda na aina za wafanyakazi walioajiriwa kuuandaa, ili vyuo kama vile vya uvuvi na vya ufundi stadi vijue mapema ni mafunzo gani yatahitajika.