Nafasi ya Tano Darasani Haimwambii Mzazi Mtoto Amejifunza Nini

Kila Juni na Desemba shule zinapofunga, ripoti za wanafunzi hufika majumbani Tukuyu, Kyela, Rujewa na Mafinga, na swali la kwanza la mzazi huwa lilelile: "Umekuwa wa ngapi?" Sisi tunaosimamia taaluma ya shule za msingi katika halmashauri tunatamani swali hilo lisiwe la kwanza. Chukulia mtoto wa Darasa la Tano aliyekuwa wa tano kati ya wanafunzi 70. Nyumbani anapongezwa, pengine anachinjiwa kuku. Lakini kwenye Hisabati ana 19 kati ya 50, na kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania alama 11 hadi 20 ni daraja D. Nafasi imesema kwamba amewapita wenzake 65. Haikusema kwamba karibu darasa zima halijaelewa mada ya sehemu, yaani nusu, theluthi, robo na nyinginezo, na yeye akiwemo.

Ni vizuri mzazi ajue nani anaamua nini. Mtaala hauandikwi halmashauri. Unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ambayo pia huandaa vitabu vya kiada na kuviweka bure kwenye maktaba mtandao yake. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa machache, likiwemo la Awali, la Kwanza na la Tatu, kisha ukawa unapanda kwa awamu. Ndiyo maana ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na vitabu visivyofanana. Walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza elimu ya msingi kwa miaka sita, mwaka 2027. Mitihani ya kitaifa ni ya Baraza. Wathibiti ubora wa shule wako chini ya Wizara ya Elimu, nao huja kukagua bila kuwa watumishi wa mkurugenzi wa halmashauri, jambo ambalo kwa maoni yangu ni jema sana.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri, chini ya TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa), ni kile kinachotokea kati ya kitabu na mtihani. Hapo ndipo mtoto anapopata elimu au anapoikosa.

Mwalimu huanza mwaka na azimio la kazi: mada ipi, wiki ipi, vipindi vingapi. Kutoka humo hutoa andalio la somo la kila kipindi. Mwalimu mkuu huvipitia, Afisa Elimu Kata hupita shuleni na kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kinachofundishwa. Kwenye karatasi mpango huu umekamilika. Ila azimio halijui msimu. Mpunga unapoanza kukomaa Mbarali na Kyela, watoto hupelekwa mashambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Huku juu kwenye milima ya Uporoto ni viazi, na siku ya gulio madawati ya nyuma hubaki matupu. Mwalimu anaandika kwamba mada imefundishwa, na kweli ameifundisha, lakini theluthi ya darasa haikuwepo. Kwa hiyo tunapokagua shule, daftari la mahudhurio tunaliweka kando ya azimio la kazi na kuyasoma pamoja. Mada iliyofundishwa wiki ambayo watoto wengi walikosekana tunaihesabu kuwa haijafundishwa, na mwalimu mkuu anatakiwa kutuonyesha itafidiwa lini.

Sasa nirudi kwenye zile alama 19, maana hapa ndipo ningependa wazazi na walimu wenzangu wakae kwa muda. Jaribio la mwezi lina swali hili: nusu jumlisha theluthi moja. Jibu ni tano ya sita. Mwalimu anasahihisha, anakuta wanafunzi 40 wameandika mbili ya tano. Anaweza kuweka mkasi, ile alama ya kosa, kwenye madaftari yote 40, akajumlisha alama, akapanga nafasi na kufunga kazi. Au anaweza kutazama jibu lenyewe. Watoto 40 hawawezi kukosea namna ileile kwa bahati mbaya. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, maana yake wanaichukulia sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini. Kuwapa maswali mengine 20 ya aina hiyo hakutasaidia kitu. Wanahitaji kukata karatasi, kukunja, kuona kwamba nusu na theluthi hazilingani kabla ya kujumlishwa. Uchambuzi wa aina hii humchukua mwalimu muda, na darasa la watoto 70 linauongeza muda huo. Uwiano unaolengwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na shule nyingi za vijijini ziko mbali nao. Hata hivyo, mwalimu akichambua maswali matatu tu katika kila jaribio, atapata faida kuliko kupanga nafasi za watoto wote.

Jambo hilihili lina uzito zaidi kwa watoto wa madarasa ya chini. Katika upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa Darasa la Pili, mtoto husoma kwa sauti mbele ya mpimaji, peke yake. Kiwango kilichowekwa kitaifa ni maneno 50 kwa dakika, tena aelewe anachosoma. Watoto wengi wa nyanda hizi huanza shule wakiongea Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena. Mtoto akiandika "balua" badala ya "barua", hajashindwa kusoma. Ni sauti za nyumbani zinazojitokeza, na zitanyooka kadiri anavyozoea Kiswahili. Lakini akiandika "mwele" badala ya "nywele", au akikwama kila anapokutana na "mbw" na "ng'", bado hajazifahamu silabi zenye herufi za konsonanti zilizofuatana, na asiposaidiwa mwaka huo ataenda na tatizo hilo hadi mwisho wa elimu ya msingi. Mwalimu anayeyaweka makosa yote mawili kwenye fungu moja atatumia muda wake kurekebisha lisilo na madhara.

Tena, tatizo hilo likifika madarasa ya juu huweza kufichika. Sehemu kubwa ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni maswali ya kuchagua jibu, na mtoto anayebahatisha kati ya majibu matano hupata takriban moja kati ya kila matano bila kusoma neno.

Kuhusu mitihani ya utimilifu, yaani ile ya majaribio kabla ya mtihani wa taifa, nitasema kwa kifupi. Ina kazi yake: humzoesha mtoto muda na mazingira ya chumba cha mtihani, nayo huipa halmashauri picha ya shule zote kwa pamoja. Lakini shule inayofanya mtihani kila wiki kuanzia Julai imeacha kufundisha, hata kama darasa limejaa hadi jioni. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Sisi huku chini bado tunaona mabango ya nafasi ya kwanza kata na wilaya, na shinikizo linalowasukuma walimu kwenye mitihani isiyokwisha.

Kwa mzazi anayekwenda kwenye kikao cha shule: omba kuona daftari na karatasi ya jaribio, usiishie kwenye ripoti. Uliza mtoto amekosa maswali gani na mada hizo zitarudiwa lini. Kama yuko Darasa la Pili, mpe ukurasa wa kitabu asome mbele yako. Hata mzazi asiyejua kusoma atasikia mtoto anapokwama.

Na kwa walimu wakuu, ombi la idara yetu ya elimu ni moja. Mnapopanga vipindi vya Januari, msimpeleke mwalimu wenu hodari zaidi Darasa la Saba. Mpangieni Darasa la Kwanza, na mwacheni huko kwa miaka miwili, awavushe watoto walewale hadi wamalize la Pili.